Mama, Mpime Pia Mtoto Wako Mkubwa

Somo kwa mama wanaokuja kliniki ya watoto, Bunia



Leo umekuja na mtoto mdogo mgongoni. Umekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mtoto amewekwa katika mzani, munganga ameandika kilo zake ndani ya fishi. Kama mstari unapanda, unafurahi. Kama unashuka, tunaulizana pamoja: Anakula nini? Alipata kuhara? Iko na homa? Hakuna mtu anayemkasirikia mtoto juu ya kilo zake zimepungua. Tunatafuta sababu.

Lakini nyumbani umeacha mtoto mwingine. Ana miaka 12, ao 14, ao 16. Huyo hana fishi tena. Alipomaliza miaka 5 tulisema, amepona sasa, ataendelea yeye mwenyewe. Tangu siku ile hakuna mtu anayempima.

Na siku hizi umeona amebadilika. Ukimwita anajibu vibaya, ao hajibu kabisa. Jana alikuwa anacheka, leo analia bila kusema sababu. Alama za shuleni zimeshuka. Anakaa na rafiki zake kando ya barabara mpaka giza. Na sisi wazazi tunasema nini? "Mtoto huyu ameharibika." "Iko na kiburi." Wengine wanasema alirogwa. Mtoto mdogo akipungua kilo tunatafuta sababu. Mtoto mkubwa akipungua furaha tunatafuta fimbo.

Somo la leo ni juu ya mtoto huyo mkubwa.

NINI INAPITA NDANI YAKE

Shirika la Afya Duniani linahesabu ujana tangu miaka 10 hadi 19. Mwili unabadilika, na hiyo unaiona kwa macho: matiti, sauti, nywele, chunusi, urefu. Lakini ubongo unabadilika pia, na hiyo huioni. Sehemu za ubongo zinazoleta hamu, woga na kasirani zinaamka mapema. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayopima hatari na kusema "ngoja kwanza", inakomaa polepole, mpaka mtu anapita miaka 20, pengine mpaka karibu 25. Ni kama pikipiki mpya yenye mashine ya nguvu, lakini fundi hajamaliza kufunga freni. Kumbe kijana wako anapofanya jambo la upumbavu mbele ya rafiki zake, si kwamba hana akili. Akili iko. Freni ndizo bado.

Tena anahitaji usingizi kuliko unavyofikiri: masaa 8 hadi 10 kila usiku. Katika umri huu mwili wenyewe unachelewa kusikia usingizi, halafu asubuhi unakuwa mzito. Binti anayelala saa tano usiku akiosha sahani, na kuamka saa kumi ya alfajiri kwenda kuchota maji mbele ya kwenda shule, amepata masaa tano tu. Ukimwona ana kasirani kila siku, hesabu masaa yake ya kulala mbele ya kuhesabu makosa yake.

Kuna mambo anayopaswa kuambiwa mapema. Msichana aambiwe habari ya damu ya mwezi mbele haijafika. Wengi wanaiona mara ya kwanza shuleni, wanafikiri wameumia ao wamepata ugonjwa wa aibu, na kisha hawataki kurudi darasani. Mvulana aambiwe kwamba manii kutoka usiku katika ndoto si ugonjwa wala laana. Zamani kazi hii ilikuwa ya shangazi na nyanya kwa wasichana, ya babu na wajomba kwa wavulana, jioni karibu na moto. Lakini jamaa zetu wametawanyika. Shangazi amebaki Mahagi, nyanya amekufa, mjomba yuko Uganda. Kazi yao imekuangukia wewe, mama, hata kama hakuna mtu aliyekufundisha namna ya kuifanya.

Na usihuzunike unapoona rafiki zake wanasikilizwa kuliko wewe. Anajifunza kuwa mtu mzima kati ya watu wa rika lake. Haina maana kwamba amekukataa. Utafiti wa nchi nyingi unaonyesha jambo moja: kijana mwenye mtu mzima mmoja tu anayemwamini, anayeweza kumwambia jambo lolote bila kufukuzwa, anavumilia shida nyingi kuliko yule asiye na mtu.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Si nyumba ya mtu fulani, msiulizane ni nani. Inafanana na nyumba nyingi za Bunia.

Mama mmoja analeta binti wa miaka 14. Kichwa kinamuma, tumbo linamuma. Wamempima malaria mara tatu katika miezi miwili, kila mara hakuna kitu. Amekunywa parasetamoli, amekunywa dawa ya minyoo, amekunywa na miti shamba. Bado kichwa kinamuma. Mama amechoka. Anasema mbele ya mtoto, "Ni uvivu tu. Hataki kazi."

Munganga anamwomba mama angoje nje kidogo. Mwanzo binti hasemi. Halafu anasema kwamba usiku halali. Kila pikipiki inayopita anaruka. Walikuwa wamekimbia kutoka eneo la Djugu, usiku, kupitia mashamba, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa kaka yake mdogo. Katika mbio mkono ulitoka. Hawakumwona tena mtoto yule. Na walipofika Bunia, mama yake, katikati ya kilio, alisema neno moja: "Ulimwacha."

Mama alilisema mara moja tu. Pengine hakumbuki. Binti amelibeba miaka miwili.

Je, dawa gani ya duka ingeponya kichwa kile?

Munganga hakumlaumu mama. Mama pia alikuwa amepoteza mtoto. Walikaa watatu pamoja, na mama akasema, "Mwanangu, si wewe. Ulikuwa na miaka 12. Vita ndiyo ilimchukua." Walilia sana. Kichwa hakikupona siku ile, wala wiki ile. Lakini binti alianza kulala karibu na mama yake, na baada ya muda alirudi kula na wengine. Yapo maumivu ambayo njia yake ya kutoka ni mdomo, na mdomo haufunguki mahali ambapo hakuna sikio.

NAMNA YA KUSIKIA

Usimwite kijana na kumkalisha mbele yako kama mahakamani. Atafunga roho. Vijana wanasema vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiangalia pengine: mnapotwanga sombe, mnapotoka robine na maji, unapomsuka nywele, mvulana anapopasua kuni. Hapo mwambie kile ulichoona, kisha unyamaze.

Sikia mama wa kwanza:

"Mbona unalia-lia kama mutoto mudogo? Wenzako hawana chakula, wewe unakula kila siku. Sema basi, ni nini?"

"Hapana kitu, mama."

Na ndiyo mwisho. Sasa sikia mama wa pili:

"Naona siku hizi haukule muzuri."

(Kijana ananyamaza.)

"Sikukasirike. Hata kama hautaseme leo, niko hapa."

(Ananyamaza tena. Sombe linatwangwa.)

"Mama... ku masomo kuko kitu."

Huyu wa pili hakusoma saikolojia. Aliacha nafasi tu.

Akianza kusema, usimkate. Usiseme mara moja, "Mimi nilikuambia!" Usianze kumhubiria. Uulize, "Halafu ikawa namna gani?" na "Ulisikia namna gani katika roho?" Mashauri yako ni mazuri, lakini yaje nyuma, na yawe mafupi.

Na jambo alilokuambia kwa siri, usilipeleke sokoni. Tunalisema kwa sababu tunalisikia mara nyingi: binti anamwambia mama yake habari ya mvulana, kesho yake jirani watatu wanaijua. Binti yule hatasema tena, hata siku atakapokuwa katika hatari ya kweli. Kama jambo ni la hatari na unapaswa kumwambia mtu mwingine, mwambie kwanza mtoto mwenyewe: "Jambo hili ni zito, tutalipeleka kwa munganga, mimi na wewe pamoja."

Juu ya fimbo: kijana anayepigwa anajifunza kuficha, na wengi wanajifunza kukimbia. Sheria za nyumba ziwepo, ndiyo. Ziwe chache, azijue, na adhabu iwe kitu anachoweza kumaliza, kama kazi ya ziada ao kukaa nyumbani siku ya Jumapili. Usimtukane mwili wake, wala kumwita mchawi, wala kumfananisha na mtoto wa jirani. Matusi ya mama hayasahauliki. Na wewe ukikosea, ukisema neno baya katika kasirani, mwombe msamaha. Wengine wanafikiri mzazi akiomba msamaha heshima yake inapotea. Sisi tunaona kinyume.

Bwana yako asiachwe nje ya somo hili. Mvulana anataka kujua kama baba anamwona. Kama baba hayuko, tafuta mjomba, mwalimu, ao mzee wa mtaa unayemwamini kabisa, amchukue kijana katika kazi zake.

VITA IMEINGIA NDANI YA NYUMBA

Mama wengi wanaokaa kwenye benchi hii walikuwa vijana wenyewe katika vita ya 1999 hadi 2003. Mnakumbuka Mei 2003, askari wa Uganda walipotoka Bunia: maelfu ya watu walilala chini ya shitingi karibu na uwanja wa ndege na karibu na makao ya MONUC, mpaka askari wa Ulaya walipofika mwezi wa Juni. Ulikuwa na miaka 11, 13, 15. Nani alikuuliza siku zile, "Mwanangu, umeona nini?" Watu walikuwa wanatafuta maji na unga. Uliambiwa kusahau. Je, umesahau?

Kwa sababu hiyo wewe unaweza kuelewa mtoto wako kuliko munganga yeyote. Tangu Desemba 2017 mauaji yamerudi Djugu, kisha Irumu na pengine. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilichukua wazazi wa wengine. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu karibu 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, mahali walipokuwa wamekimbilia. Watoto walioona mambo haya wamefika katika vyumba vya jamaa zetu, Mudzipela, Nyakasanza, Bankoko, na katika kambi kama ile ya Kigonze.

Kijana mwenye roho iliyojeruhiwa anaota ndoto za kutisha. Anashtuka kwa sauti ndogo. Hataki kupita fasi fulani. Wengine wanarudi kukojoa kitandani, na miaka 13 hiyo ni aibu kubwa. Usimcheke, wala usianike godoro mbele ya watu. Wengine wanakuwa kama jiwe, hawalii hata kwenye matanga. Wengine wanakuwa wakali. Hizi si tabia mbaya. Ni mwili unaongoja hatari irudi.

Ni nini inasaidia? Mambo madogo yanayorudi kila siku kwa saa ile ile: kula pamoja, shule, mpira, kwaya, kulala. Inasaidia kuambiwa ukweli kwa maneno mafupi, kuliko kudanganywa kwamba marehemu amesafiri. Inasaidia kukumbuka jina la aliyekufa bila kukatazwa. Usimlazimishe kusimulia aliyoyaona, lakini akitaka kusimulia, usimkimbie. Wengi wanapata nguvu polepole namna hii, nyumbani, bila dawa. Wachache hawapati, na hao tutasema habari yao chini.

WALE WANAOMWITA

Kijana asiye na mtu wa kumsikia nyumbani atasikiwa pengine. Machimbo ya zahabu ya upande wa Mongbwalu yanamwita: feza ya haraka, pombe, na shimo linaloanguka. Na kundi lenye silaha linamwita. Linampa jina jipya, wenzake, chakula, na bunduki inayomfanya kila mtu amwogope. Kwa mvulana wa miaka 15 aliyeona baba yake akiuawa, hiyo inafanana na dawa.

Tuliwaona kadogo wa 2003. Watoto wa kila upande walichukuliwa, si wa kabila moja. Tarehe 14 Machi 2012 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita ya Ituri ya 2002 na 2003, na akapewa miaka 14 ya kifungo. Jua basi kwamba anayemchukua mtoto wako amefanya kosa kubwa, hata kama anasema anatetea kabila lenu. Lakini ulizo la nyumbani ni lingine: usiku, karibu na moto, sisi wazazi tunasema nini juu ya wale wengine? Mtoto anasikia. Tukipanda chuki jioni, tusishangae asubuhi kitanda chake kikiwa kitupu.

Msichana anaitwa kwa njia nyingine. Minervali ya sekondari haipatikani, na mwanaume mkubwa anamnunulia telefoni. Ao wazazi wenyewe, juu ya njaa, wanapokea mahari ya binti wa miaka 15. Sheria ya familia ya Kongo, kama ilivyobadilishwa mwaka 2016, inasema miaka ya kuoa na kuolewa ni 18, kwa msichana na kwa mvulana. Na kwa mwili pia: mimba ya miaka 15 inaleta hatari ya kifafa cha mimba na ya uchungu mrefu unaotoboa kibofu. Tunawaona hapa maternite. Kama binti yako amekwisha kupata mimba, usimfukuze. Mlete mapema. Binti aliyefukuzwa anakuja kwetu akiwa amechelewa.

Na kama ametendewa kwa nguvu, mlete siku ile ile. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafaa ikianzwa mbele ya masaa 72. Usingoje kikao cha jamaa, wala kujua kwanza ni nani. Kosa si lake, na neno la kwanza asikie kwako liwe hilo.

WAKATI WA KUMLETA HOSPITALI

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba katika vijana 7, mmoja ana ugonjwa fulani wa roho na mawazo. Si jambo la ajabu, wala si la kuficha. Umlete kama huzuni ao woga umepita wiki mbili na unamzuia kula, kulala, kusoma. Kama ameanza pombe ao bangi. Kama anajikata mwili. Kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Umlete pia kama anaanguka na kutetemeka. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kina dawa za kumeza kila siku, na hakiambukizi kwa mate wala kwa kumgusa, hata kama watu wa mtaa wanakimbia.

Jambo moja linaogopesha kulisema, lakini tunalisema. Kijana anaweza kutaka kufa. Anaanza kusema, "Ingekuwa heri nisizaliwe," ao anagawa vitu vyake, ao anawaaga watu. Muulize wazi, kwa sauti ya pole: "Mwanangu, unafikiri kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba ulizo hili litampa wazo. Si kweli. Mara nyingi linamfungulia mlango. Akisema ndiyo, usimkaripie wala kumwambia ni dhambi siku ile. Usimwache peke yake hata kidogo. Ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za shamba, vidonge, kamba. Mlete hospitali siku hiyo, hata usiku.

NA WEWE MWENYEWE, MAMA

Hatuwezi kukuambia kusikia wengine kama wewe mwenyewe umejaa. Kama hulali, kama unalia kila siku, kama unapiga watoto na kisha unajichukia, mwambie munganga wakati wa kupima mtoto. Hatutacheka. Tafuta pia mama wawili ao watatu mnaoaminiana, muwe mnakaa pamoja mara moja kwa wiki. Kutoboa karanga pamoja kunatosha.

MAULIZO YA KUONGEA PAMOJA KWENYE BENCHI

1. Ulipokuwa na miaka 13, ni nani alikusikia? Alifanya namna gani?

2. Mtoto wako mkubwa alilala masaa mangapi jana? Ni kazi gani ya nyumba inayoweza kugawanywa na kaka zake?

3. Kuna neno ulilomwambia katika kasirani ao katika kilio, ambalo pengine analibeba bado?

4. Siku ya kliniki ijayo unaleta mtoto mdogo. Yule mkubwa anaweza kukusindikiza kubeba mzigo?